Nyumba ya Chokaa

Mama alipoambiwa kwamba zamu yake imefika ya kupata nyumba mpya ya serikali, nyumba ambayo angelipia kidogo kidogo kila mwezi hadi iwe yake, hakufurahi. Alikuwa akiishi katika chumba kimoja cha kupanga, kwenye mtaa wa zamani wa jiji huku Eastlands, tangu baba alipoajiriwa na reli. Alikuwa amelipa kodi miaka yote hiyo, na hapakuwa na hata jiwe moja la ukuta aliloweza kuliita lake. Sasa alitakiwa aseme kufikia Ijumaa kama anaichukua nyumba hiyo. Akikataa, ingepewa mwingine.

"Mimi sichukui kitu ambacho sijaingia ndani," alisema.

Jengo lilikuwa bado limezungushiwa mabati na mlinzi haruhusu mtu kuingia. Tulikuwa na mchoro tu, na mama haamini michoro.

Sikusomea ujenzi, lakini napenda kupima vitu, na kusoma ramani za mafundi nimejifundisha mwenyewe. Basi Jumatano asubuhi nilibeba utepe wa kupimia, kamba, vigingi na mfuko wa chokaa hadi kwenye uwanja ulio karibu na mfereji wetu wa maji. Nikaichora nyumba nzima chini kwa ukubwa wake halisi: sebule, vyumba viwili vya kulala, jikoni, na choo cha ndani. Mahali pa milango niliacha nafasi.

Waliokuja kuchota maji waliweka mitungi chini wakaanza kutembea vyumbani. Mama alifika na kigoda chake. Jirani yetu, mwanamke anayeuza mandazi mlango wa pili, alikuwa akikatiza sebuleni kwenda jikoni.

"Wewe umepita ukutani," mama akamwambia. "Toka, uingie kwa mlango kama watu."

Jirani akatoka, akapiga hodi hewani, akakaribishwa.

Mama alikiweka kigoda jikoni, akakaa, akazungusha mkono kana kwamba anasonga ugali. Kisha akatazama pande zote, na uso ukabadilika.

"Baba," akaniita, maana nina jina la baba yake, "hii ni nyumba ama kizimba cha kuku?"

Nilipima tena mbele yake, nikamwonyesha kwamba vipimo ni sawa. Akauliza kama wageni wa kutoka kwetu mashambani, Magharibi, wakija kwa matanga watalala juu ya vipimo. Akachukua kigoda akaenda, na kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba Ijumaa atakwenda ofisini kukataa.

Kesho yake nilikuwa nakunywa chai kwa jirani, nikimweleza jinsi nilivyokuwa mwangalifu. Alinisikiliza huku akigeuza mandazi.

"Umemchorea anakoenda," alisema. "Mchoree na anakotoka."

Mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikapima chumba chake, nikakichora kando ya ile nyumba.

Ijumaa alipita hapo akielekea ofisini, amejifunga kitambaa chake cha Jumapili. Akasimama.

"Na hii ndogo ni ya nani?"

"Ni yako, mama. Hapa kitanda, hapa pazia, hapa tulilala sisi."

Aliingia, kwa mlango, akasimama katikati. Akanyoosha mikono kama anayepima.

"Yaani nyinyi wote nimewalea humu?"

"Humu."

"Na shangazi zenu wakija?"

"Humu humu."

Alicheka mpaka akamshika bega jirani, aliyekuwa amekuja kuchota maji, asianguke, na jirani naye kwa kucheka hakuwa na nguvu za kumshika. Mimi nilikuwa nimejifunza jambo ambalo sikulikuta kitabuni: ukiichora nyumba chini ya anga tupu, hata iwe kubwa, itaonekana ndogo. Ni lazima kuwe na kitu cha kuilinganisha nacho.

Mama alitoka kwenye chumba kidogo, akaingia kwenye nyumba kubwa, akatembea taratibu hadi jikoni na kurudi. Kisha akaniambia anakwenda kuwaambia wale wa ofisini kwamba anaichukua, na kama kuna nyingine imebaki, jirani naye afikiriwe.

Alasiri nilichukua ufagio nianze kufuta chokaa, maana watoto walikuwa wanatoka shule wakikatiza vyumbani kutoka kila upande. Mama, akirudi kutoka ofisini, alinikataza kutoka mbali.

"Wacha hivyo," alisema. Akawageukia watoto. "Na nyinyi piteni mlangoni. Hiyo ni nyumba ya mtu."