Leso za Madaraka

Nikiwasimulia hili msinitizame usoni, maana mpaka leo nikisikia wimbo wa taifa unapigwa mahali nahisi masikio yanashika moto, na kisa chenyewe hakikuletwa na mtu ila mimi na ujuaji wangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, sikukuu ya Madaraka, na kikundi chetu cha kina mama wa Mji wa Kale kilikuwa kimeitwa kucheza uwanjani Tononoka kwa mara ya kwanza. Shangazi yangu Rukia, kiongozi wetu, alikuwa ameiomba nafasi hiyo mwaka baada ya mwaka, akazungushwa weee, na sasa kaipata, hata usingizi hapati kwa furaha. Mimi nikapewa kazi ya sare. Nikaenda Biashara Street nikanunua leso za rangi ya bendera, nyeusi, nyekundu na kijani, za kujifunga juu ya magauni meupe (meupe, kumbukeni hapo).

Shangazi akaniambia, "Salma mwanangu, leso mpya haivaliwi hivi hivi. Zitie maji ya munyu kwanza, zishike rangi."

"Shangazi, zikitiwa chumvi zitanywea zionekane kuukuu. Sisi twataka zing'are."

Akanitizama, akaniacha. Laiti angenizaba kofi.

Siku yenyewe tuling'ara kweli, na vikundi vingine vikatuonea kijicho (nilifurahi, siwafichi). Mgeni rasmi, Mkuu wa Mkoa ndani ya sare nyeupe na glavu nyeupe, akatusomea hotuba ya Rais mpaka mwisho huku mawingu yakijikusanya, na zama zile nani angethubutu kuinuka hotuba ya Rais ikisomwa? Zamu yetu ilipofika, mvua nayo ikafika. Tukacheza vivyo hivyo, vigelegele juu, na bwana mkubwa akapendezwa, akashuka jukwaani kuja kucheza nasi, Shangazi akamtupia leso mabegani, tukampa mikono mmoja mmoja.

Mimi ndiye niliyeangalia chini kwanza. Magauni yetu yalikuwa yamejaa michirizi ya rangi za leso mpaka kwenye pindo, na glavu za mgeni hazikuwa nyeupe tena. Kabla sijafungua mdomo, bendi ikapiga wimbo wa taifa.

Sasa wimbo ule ukipigwa hutikisiki, hata uumwe na siafu. Mgeni akapiga saluti, ile glavu ikatua kwenye paji la uso, na maji ya kijani na nyekundu yakamshuka puani, mashavuni, hadi kidevuni, huku leso ikimmwagia weusi wake kifuani. Uwanja mzima waona, uwanja mzima umekauka, na mimi mbele yake nimeuma ulimi, nikijua hatutaitwa tena na kwamba Shangazi nimemwangusha mimi.

Wimbo ulipokwisha akaitizama glavu, akajipangusa uso (akazidisha), kisha akamwuliza Shangazi taratibu, "Mama, rangi hii hutolewa kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni, baba," akajibu Shangazi, macho yake kwangu. "Na ingezuiwa kwa munyu, lakini kuna mjuaji alikataa."

Bwana mkubwa akacheka mpaka akashika mbavu, na hapo ndipo uwanja wote uliporuhusiwa kucheka.

Tuliitwa tena sikukuu ya Jamhuri. Siku chache kabla, Shangazi alibisha mlangoni kwangu na beseni, leso mpya za kikundi kizima, na pakiti ya chumvi. Alivuta kiti akakaa kunitizama nikifua. Tangu siku hiyo, hata kitambaa cha kupangusia pua nikikinunua hakiingii mfukoni kabla hakijalala kwenye maji ya chumvi.