Kanga ya Hamamatsu

Kule Unguja mama akizisifu kanga za Japani kwamba hazichuji, uzifue utakavyo. Tulipokimbia baada ya mapinduzi alizibeba, lakini mimi sikuwahi kujiuliza ni nani huko Japani aliyezipiga chapa. Nilikuja kujua hapa ugenini Walthamstow, siku jirani yetu Mjapani aliponiita nimpimie mapazia, kisha akanikalisha mezani kwa wali na samaki.

Niliinua macho, nikarudisha tonge sahanini. Ukutani, juu ya meza hasa, kanga imetiwa kwenye fremu ya kioo kama watu watiavyo aya. Imeandikwa: UMEKUJA KULA, UTAONDOKA KUSEMA.

Nilitaka kuinuka niende zangu. Huyu kaniita nyumbani kwake anitukane? Lakini mwenyewe anatabasamu. Akanieleza kwamba kwao ni Hamamatsu, mji wa mafundi wa kufuma na kutia nguo rangi, na baba yake alichapa kanga miaka na miaka bila kujua neno moja la Kiswahili. Hii alimpa yeye siku ya harusi yake, akiamini ni dua. Nani atapoteza rangi nzuri vile kwa maneno mabaya?

Akaniuliza maana yake.

"Karibu chakula," nikamwambia.

Machozi yakamlenga, akaniongeza samaki.

Nikala nikashiba. Nilipofika nyumbani, hata viatu sijavua, nilikuwa nishamhadithia dada yangu yote, mpaka na ule wali usio nazi wala chumvi.