Shilingi Isiyolainishwa

"Bwana, hii app ya kurembesha picha nalipia kila mwezi, na bado mnunuzi wa mtandaoni akiziona anasema shilingi za zamani za babu ni feki. Leo akikataa tena, basi." Oketch alikuwa amepandisha sauti. Mpiga picha wa mtaa wa Kondele aliichukua simu yake. Alifuta kioo cha simu na shati, vile hufanya kabla ya kugusa picha ya mtu yeyote, akaivuta ile shilingi ikawa kubwa, akacheka kwa pua. "Umeipaka kama marehemu." Kazi yake ya kila siku ilikuwa kulainisha nyuso za wazee wa Ahero kwa vitabu vya mazishi. "Uso wa mzee tunalainisha, familia ifurahi. Pesa ya zamani unaacha na mikwaruzo yake, ndio mtu aamini." Akaipiga upya karibu na dirisha, akaweka programu ya bure, akaongeza mwanga kidogo tu kwa kidole chake kinene. Simba aliyechongwa kwenye sarafu akaonekana, makovu na yote. Oketch akatuma. Mnunuzi akajibu: leta zote.

"Asante, Mzee. Asante sana."

Mzee alikuwa ashavaa kamera shingoni. "Wacha nikimbie. Kuna mtu anatoka mochari saa nne, na mimi ndio wa picha."