Mahubiri ya Mtungi pale Mnyambe

Mume wangu Benedikto alikuwa mtu mwema, mchapakazi, na hakujua kuhubiri. Naanza na hilo msije mkasema nampamba kwa kuwa ni wangu. Alipomaliza masomo yake Chidya, padre alimweka kwetu Mnyambe awe mwalimu wa dini katika kikanisa chetu cha fito na udongo. Tangu hapo kila Jumapili tulikaa juu ya magogo tukimsikiliza akisema kwanza, akisema pili, akirudia pili, mpaka watoto wanasinzia na wazee nao wanawafuata. Kila alipopotea alikohoa na kuvuta sikio la kushoto. Nami nikikaa mbele namwomba Mungu amfikishe haraka kwenye tatu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Yale malori ya karanga ya Nachingwea yalikuwa yamekwisha kunyamaza, na sisi huku juu tulikuwa tunapanda mikorosho kwa bidii. Maji ya kunywa tuliyafuata bondeni. Mnaofungua bomba leo hamjui. Tuliondoka kundi zima la wanawake kabla hakujapambazuka, tukateremka genge lile la Newala magoti yakitetemeka, tukachota kwa zamu, tukapanda na mitungi kichwani jua likituchoma kisogo. Mtungi ukikuponyoka njiani, ulikaa chini ukalia kama umefiwa.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na kila ukoo una watani wake. Mtani atakukamatia kuku uani mwako na humfanyi kitu. Atakutukana mbele za watu nawe utacheka, kisha utamtukana na wewe. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja kukiharibu kilio. Anavaa nguo zako, anatembea kama ulivyotembea, analizuia kaburi mpaka apewe kitoweo, na watu wanalia huku mbavu zinawauma kwa kicheko. Mtu akizikwa bila watani, wapita njia huuliza ni nani yule asiye na kwao.

Mtani wangu mimi alikuwa Sikudhani binti Bwanali, Myao, Mwislamu, mdomo wake hauna mlango. Yule mwanamke amenila kuku jamani! Alikuwa akiingia uani kwangu anachagua kama yuko sokoni. "Huyu mnene, Mama Cecilia, mnampa nini? Mahubiri?" Nami namwambia, "Mchukue, labda utanyamaza ukitafuna." Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Lakini mume wangu, Sikudhani hakumtania hata siku moja. Akimwona Benedikto anashusha kanga, anasema, "Shikamoo, Mwalimu." Benedikto anajibu, "Marahaba." Basi. Adabu tupu, adabu ya kumsalimia mgeni. Na si Sikudhani peke yake, ni Mnyambe nzima. Hapakuwa na mtu wa kumtania Benedikto, kwa sababu mama yake hakuwa na ukoo.

Mama mkwe wangu, Bibi Anjelina, aliletwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma angali anabebwa mgongoni, akanunuliwa pamoja na mama yake kwa nguo. Ukoo uliomnunua ulimhesabu kwa mdomo tu. Hawakumchanja chale usoni kama wanawake wenzake, na uso wake ukabaki mtupu mpaka uzeeni. Wenzake walipokwenda maji kwa kundi, yeye alikwenda peke yake, jua likiwa utosini, wakati kisima kimebaki matope. Hakuna aliyemfukuza kwenye kundi. Hakuna aliyemwita tu.

Hata hivyo alikuwa mcheshi, mwenzangu! Alibatizwa akiwa mzee, na siku ile padre alipommwagia maji alisema kwa sauti, "Ongeza baba, haya sikuyabeba mimi." Kanisa zima lilicheka, padre pia.

Mwaka ule tuliokuwa tunangoja mvua ya pili, Bibi Anjelina akaanza kuumwa kifua. Akajua. Akamwita mwanawe, nami nikiwa pale nakoroga uji.

"Mwanangu," akasema, "nikifa sitaki kuzikwa kimya."

"Hutazikwa kimya, Mama. Tutaimba. Nitahubiri mwenyewe."

"Ndiyo hicho ninachokiogopa."

Nikaangalia uji wangu nisicheke. Bibi akamshika mkono.

"Nataka watani, Benedikto. Nataka mtu aje anivalie nguo zangu, anicheke. Kila maiti ya hapa nimeiona ikichekwa. Na mimi je?"

Benedikto akakohoa, akavuta sikio. "Mama, wewe ulibatizwa. Wewe ni mwana wa Mungu. Mbele zake hakuna wa kununuliwa wala wa kuzaliwa mwenye ukoo. Tumaini letu halipo kwenye watani."

"Najua. Nakuamini kabisa. Sasa mwana wa Mungu ndiyo akose hata wa kumtania?"

Benedikto alitoka nje akasimama penye mikorosho yake michanga, nikamwona anafuta macho kwa mkono wa shati. Mimi nilipandwa na hasira. Nikataka kwenda kwa Sikudhani nimwambie, we mwanamke, njoo umtukane mkwe wangu, unapungukiwa nini? Nikafika mpaka mlangoni pake nikarudi. Utani hauombwi. Ukiuomba unakuwa sadaka, na Bibi Anjelina hakutaka sadaka.

Jumapili iliyofuata Benedikto alihubiri habari za yule mwanamke Msamaria aliyemkuta Bwana Yesu kisimani. Nadhani alikuwa anamfikiria mama yake, maana alieleza vizuri jinsi mwanamke yule alivyokwenda maji mchana, peke yake, hana wenzake. Nikasema moyoni, haya, leo anafika. Kisha akasema, "Na aliposikia habari za maji ya uzima, alifurahi mno, ndugu zangu, akauacha mtungi wake pale pale, akakimbia mjini."

Loo! Kanisa lilichafuka. Mama Theodora, anayekaa gogo la nyuma, akapaza sauti, "Auache mtungi? Kisimani?"

"Aliuacha," akasema Benedikto.

"Na nani aliulinda?"

"Haikuandikwa, mama."

"Mwanamke gani aache mtungi kisimani, Mwalimu? Huyo hakuwahi kupanda genge!"

Wanawake wakaangua kicheko, wakapigana viganja. Benedikto alikohoa, akavuta sikio mpaka nikadhani litang'oka, na tatu hatukuisikia. Bibi Anjelina, aliyekuwa ameegemezwa ukutani kwa mto, naye alicheka mpaka akakohoa.

Sikudhani alikuwa nje siku ile, ameegemea ukuta uliobomoka upande wangu, ananingoja tukapalilie kunde. Huyu ni mtu anayecheka hata kuku akiteleza. Nikageuka nimwone atakavyovunjika mbavu. Hakucheka. Alikuwa anamtazama Bibi Anjelina. Nilipotoka nikakuta amekwenda zake bila kuningoja, nikapalilia peke yangu huku namsonya.

Bibi alifariki Alhamisi asubuhi, taratibu, ameshika mkono wa Cecilia wangu. Padre alikuja kutoka Newala kwa baiskeli. Watu walikuja, siwasingizii, walikuja wengi na unga na kuni. Lakini walikaa kimya, wameinamisha vichwa kama mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Mwili ulifungwa kwenye mkeka mpya, tukauchukua mpaka kaburini nyuma ya kanisa. Benedikto akasimama kuhubiri.

"Ndugu zangu wapendwa," akasema. "Kwanza..."

Akakohoa. Akavuta sikio. Akasema tena, "Kwanza..." Sauti ikakatika. Mume wangu yule aliyeweza kusema pili mara nne, siku ya mama yake hakuivuka hata kwanza. Padre akamsogelea. Watu wakaangalia miguu yao. Kimya kilekile alichokiogopa Bibi ndicho kilichomfikia, na moyo uliniuma, nawaambia kweli, uliniuma nikataka kupiga kelele.

Kelele zikatoka upande mwingine.

"Weee! Nani kasema mzike? Haziki mtu hapa!"

Sikudhani huyo! Nyuma yake dada zake na binamu zake, wote wa ukoo wake, wanapiga masufuria. Alikuwa amevaa kanzu ya Benedikto ya kanisani, ameiiba kambani kwangu, ameigeuza nyuma mbele. Kichwani amejitwika kipande cha mtungi uliovunjika. Kwapani jogoo wangu, yule mwekundu! Akaja kwa kukokota mguu wa kulia kama alivyoukokota Bibi Anjelina, mkono kiunoni, mdomo umebenuka hivi, Bibi mwenyewe! Akajitupa kaburini, akasimama humo, kichwa tu kinaonekana.

"Ndugu zangu wapendwaaa!" akasema kwa sauti ya mume wangu. Akakohoa. Akavuta sikio la kushoto. "Kwanza, mmekaa. Pili, mmekaa. Pili tena, bado mmekaa. Tatu mtanisamehe, imeliwa na mchwa!"

Watu walishtuka. Mzee mmoja akanong'ona, "Anamtania huyu? Kwa ukoo upi?"

Sikudhani akamsikia. Akaacha sauti ya Benedikto, akasema kwa sauti yake mwenyewe.

"Mnauliza kwa ukoo upi? Nitawaambia. Juzi mliuliza ni mwanamke gani aache mtungi. Mimi namjua. Nilikuwa mwali mpya, nina mimba ya kwanza, nikateleza katikati ya genge, mtungi wangu ukavunjika, wenzangu wako mbele hawanisikii. Akatokea huyu, peke yake, anapanda na maji yake ya matope. Akaushusha mtungi wake akanitwika mimi. Akasema, wewe una mtoto ndani, nenda. Akaokota kigae changu kikubwa kama hiki, akateremka tena bondeni kuchota kwa kigae! Nikafika nyumbani, nikawaambia wazee nataka kumtania yule mama, awe wangu. Wakasema ukimtania asiye na ukoo unajishusha. Nikawasikiliza. Nimemwamkia shikamoo miaka yote hii, na kila shikamoo imenikaa kooni kama mwiba wa samaki!"

Machozi yalikuwa yanamtoka, na jogoo anapiga kelele kwapani. Akaligeukia lile furushi la mkeka.

"Na wewe bibi kizee mjanja! Umekufa kabla sijaurudisha mtungi wako! Umenikimbia! Mtani wangu huyu, mnasikia? Mtani wangu! Na sitoki humu mpaka nimepewa huyu jogoo!"

"Si umekwisha kumwiba?" nikapaza sauti.

"Nataka nipewe, mchoyo we!"

Hapo kicheko kilipasuka. Mama Theodora alikaa chini. Padre alijifunika uso kwa kofia, mabega yanaruka. Na Benedikto wangu, jamani, Benedikto alikuwa anacheka huku analia, amejishika magoti, hajiwezi. Sikuwahi kumwona mume wangu akicheka hivyo tangu tuoane.

"Haya, Mwalimu," Sikudhani akasema akinyoosha mkono atolewe, "hubiri sasa. Lakini fupi! Mtani wangu amechoka."

Benedikto akamvuta akatoka. Akasimama. Hakukohoa.

"Mama yangu aliwangoja watu wake maisha yake yote," akasema. "Wengine tulimwambia asingoje. Mimi mwenyewe nilimwambia. Yeye akangoja, na leo mmewaona wamekuja, na wamekuja na masufuria. Basi Bwana aliyetuahidi kwamba atatuita kutoka kaburini kwa majina yetu, tumngoje vivyo hivyo. Naye atakuja. Amina."

Tukatazamana. Ndiyo yamekwisha? Padre mwenyewe alikuwa bado anafungua kitabu chake. Tukauteremsha mwili tukiimba, na Wayao wale wakapiga masufuria yao kufuata wimbo wetu, hawaujui hata kidogo, wanakosea kila mahali. Ilikuwa nzuri. Jogoo aliliwa jioni, nami nilipewa shingo.

Zilipita kama wiki mbili. Benedikto alikwenda sokoni Newala kuuza mbaazi. Nikiwa natwanga, nikamwona anarudi mbio mbio, mtu mzima na kanzu yake, kikapu kinamgongagonga mgongoni. Nikatupa mchi.

"Kuna nini, Baba Cecilia? Nani kafa?"

Alikuwa anahema, uso mzima meno.

"Sikudhani," akasema. "Nimemkuta sokoni, watu wamejaa. Amesema masikio yangu ni ya punda. Amesema nikihubiri hata mbuzi wanapata usingizi. Akachukua mbaazi zangu fungu zima, akaondoka nazo!"

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mdomo wake ungekuwa kisima, Newala isingekosa maji."

Akakaa chini pale penye kinu, akaniangalia kama mtoto aliyepewa nguo ya sikukuu.

"Mama Cecilia," akasema, "nimetukanwa mbele ya watu wote!"