Mgongo wa Bihogo

Bado naikumbuka Jumatano ile, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyojifunza kuiogopa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumeshuka kutoka milima ya Masisi, kwenye baridi na ukungu, tukahamia hapa Kibati na ng'ombe wachache na farasi mmoja jike. Tulimwita Bihogo, jina la ng'ombe mwekundu, maana baba yangu hakujua kumpa mnyama jina lisilo la ng'ombe. Huyo Bihogo ndiye aliyekuwa miguu ya mama. Mama alikuwa na kidonda mguuni kisichofunga, na kila Ijumaa nilimpandisha farasi, nikamwongoza hadi dispansere mjini Goma akabadilishiwe bendeji.

Wiki ile baba alikwenda Kalengera kumwona ndugu yake, akaniachia mifugo. Hazikupita siku tatu, Bihogo akaanza kunyonyoka. Nilipitisha kiganja ubavuni, kikarudi kimejaa manyoya. Kila alipojisugua kwenye ua aliacha mafungu mazima. Leo najua ni jambo la kawaida: farasi mwenye manyoya ya baridi huyavua msimu ukigeuka, kama wewe unavyovua sweta. Lakini huko milimani baba ndiye aliyemsafisha, na mimi sikuangalia wala sikuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Jirani mmoja akasimama, akayatazama yale manyoya, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwao ugonjwa wa ngozi ulianza hivyo hivyo, ukaingia kwa ng'ombe. Akaenda zake. Mimi nikabaki na yale manyoya mkononi.

Nikawaza kwamba nikiyaondoa yote siku hiyo hiyo, hakuna atakayeuliza tena. Ukutani kulining'inia vitu vitatu: chanuo la mpira lenye meno butu, brosi, na kikwaruzo cha chuma ambacho baba alikwangulia matope makavu kwenye mapaja ya ng'ombe. Lile la mpira niliona ni kitu cha kuchezea watoto. Nikachukua chuma. Kilifanya kazi haraka, na hilo ndilo lililonidanganya. Bihogo akasogea, nikaifupisha kamba. Akapiga mguu chini, nikamkemea. Nilipofika uti wa mgongo, nikaona matone madogo mekundu yanachomoza mahali pengi, kama jasho.

Mwanangu, ningeita mtu saa ile, yangeishia hapo. Mimi nikamfunika blanketi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi methali hiyo niliijua tangu utoto. Kuijua na kuitii ni mambo mawili. Alhamisi yote nilizunguka ua nikisikiliza kama anakula. Nilipoinua blanketi lilikuwa limenata, na ngozi chini yake imevimba, ya moto. Nikalirudisha. Nikajiambia kesho patakuwa pamekauka.

Ijumaa asubuhi nikamtandika. Mama akanishika mabega, akapanda, na uzito ulipogusa mgongo tu, Bihogo akainama chini yake, miguu ikakunjika. Mama akateleza upande wa mguu mbaya. Nilimdaka, sijui kwa nguvu gani. Tukajikuta tumekaa juu ya mawe meusi ya volkano, na hapo nikamwambia kila kitu. Hakunigombeza. Akasema tu, "Enda umuite Papa Kambale. Mimi nitatafuta chukudu."

Papa Kambale alikuwa jirani yetu, mzee wa kutoka Butembo aliyetunza farasi wa shamba moja kwa miaka mingi. Nilipokuwa njiani kwake, mama alinipita barabarani, ameketi juu ya ubao wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, kama gunia la makaa, mguu ameunyoosha mbele, kila jiwe likimrusha. Alikuwa amefumba macho. Sikuthubutu kumwita.

Yule mzee alimkagua Bihogo mgongo wote huku nikimsimulia nilivyofanya. Kisha akaomba aletewe kile nilichotumia.

"Nyoosha mukono," akasema.

Akapandisha mkono wa blauzi yangu, akaweka chuma juu ya mfupa, akakivuta mara moja, bila kukaza.

"Unasikia nini?"

"Inauma, Papa."

"Yeye pia alikuambia. Alisogea, wewe ukafupisha kamba. Mutoto wangu, ngozi ya farasi inasikia hata inzi moja. Kifaa yenye hauwezi kuvumilia ku mufupa yako, usiipeleke ku mufupa yake."

Tukamwosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tukaacha kidonda kipate hewa, nikakaa nikifukuza nzi. Kila asubuhi niliogopa kufungua ua, nisije nikamkuta amelala chini. Baba aliporudi Jumapili nilimwambia kabla hajaweka mfuko wake chini. Aliingia kwa Bihogo, akakaa naye hadi chakula kikapoa.

Ilichukua wiki nyingi, naye akapona, ila manyoya yaliota meupe pale pote nilipomchubua. Mguu wa mama nao ulifunga, ila ulichelewa sana. Kama ni safari zile za chukudu zilizouchelewesha, sikujua kamwe. Nilishindwa kumuuliza, na yeye hakusema.

Basi wewe uliyepewa farasi wa kutunza, nisikilize. Msimu wa kunyonyoka anza na mpira, uzungushe polepole penye nyama, shingoni, ubavuni, mapajani. Brosi ifuate ikiondoa kilicholegea. Usoni na miguuni, ambako ngozi imelala juu ya mfupa, tumia brosi laini au kitambaa chenye maji. Chuma kiache ukutani. Manyoya ambayo hayajawa tayari leo yatakuwa tayari wiki ijayo, hayana haraka, haraka ni yako. Mnyama akisogea, simama, amekujibu. Na ukimwumiza, sema siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka, maana kidonda kilichofunikwa hukua kwa sababu ya aibu yako.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usioficha. Mnyama wako asikukimbie, na wale wanaoutegemea mgongo wake wafike salama.