Risala ya Wasiokunywa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa boksi la chaki, kifutio kilichoshonwa kwa soksi kuukuu, na simba. Chaki na kifutio nilipewa na Mwalimu Mkuu wa shule ile ya Mtoni, mzee mpole wa kaunda suti. Simba nilipewa na wanafunzi. Niliingia Darasa la Sita, nikaitikia shikamoo yao, nikawaambia waandike insha yoyote waipendayo ili nipate kuwafahamu. Wakainama, wakaandika bila hata kunong'ona. Nikajisemea moyoni, kumbe ualimu wenyewe ndio huu! Jioni nilipokaa kusahihisha nikakuta darasa zima limekwenda mbugani. Wote walisafiri na baba, mama na ndugu zao, wote walimwona simba amelala kivulini, na wote walirudi nyumbani "wakiwa wamechoka lakini wenye furaha tele".

Watoto wa Mtoni hao, ambao wengi wao safari yao ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda kwa shangazi Mbagala.

Ninyi walimu vijana mnaweza kucheka, lakini simba huyo mnamjua. Ndiye anayekaa ndani ya ile tunayoiita insha ya mfano: mwalimu anaiandika ubaoni, watoto wanainakili, wanaikariri, na mtihani ukija wanaimwaga kama ilivyo. Swali likiuliza habari nyingine, mtoto mwerevu anatafuta njia ya kupitia mbugani. Nimewahi kusahihisha insha ya "Siku niliyougua" ambamo mtoto alishikwa na homa kali, baba yake akampakia garini kumkimbiza hospitali, na njiani, "kwa bahati nzuri", wakamwona simba.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

"Umewaonaje wanao?" akaniuliza.

"Wana mwandiko mzuri, mzee. Ila hawasemi kitu."

Akacheka taratibu. "Mwanangu, mtoto haandiki asichoweza kukisimulia. Waache waseme kwanza. Lakini wakianza kusema, kelele ni zako. Usiniletee mimi."

Maneno hayo ndiyo chuo changu cha pili cha ualimu, na pengine ndicho cha kwanza. Nikanunua kikapu cha ukindu, nikawaambia watoto kila mmoja alete kitu kutoka nyumbani, kitu ambacho hakuna atakayekitafuta. Wakaleta mifuniko ya sufuria, ndala za mguu mmoja, kipande cha kioo, nyuzi za kusukia. Mtoto mmoja wa mchonga vinyago alileta sikio la mpingo lililovunjika kwenye kinyago cha babu. Kazi ikawa hivi: unashika kitu chako, unamsimulia jirani yako, naye anakuuliza maswali. Kilitoka wapi? Nani alikivunja? Mama alisema nini? Ukishajibu kwa mdomo ndipo unayaandika yale majibu. Hiyo tuliiita rasimu, maana yake andiko la kwanza, lenye ruhusa ya kukosea. Kwenye rasimu kalamu yangu nyekundu ilikuwa haitoki mfukoni. Unadhani mtoto anayevuja wino mwekundu kila mstari ataandika tena?

Kelele zilikuwapo, sikatai. Mwalimu wa darasa la jirani alikuwa akigonga ukuta. Nami nina hasira za karibu, namshukuru Mungu hakuwahi kugonga mara mbili kwa siku moja. Lakini mwisho wa muhula ule simba alikuwa amerudi porini, na mimi nikawa nimepata jina. Kila mtoto aliyeniletea sentensi tupu nilimuuliza, "Uliona nini?" Basi wakaniita Bi Ulionanini. Mpaka leo nikipita sokoni namsikia mtu mzima na ndevu zake akiniita hivyo, na mabega yangu yanapanda yenyewe.

Kutoka Mtoni nikahamishiwa Sinza. Pale shule imezungukwa na baa na nyumba za wageni, na walimu wenzangu walilalamika kwamba hapafundishiki. Mimi nikaona nimeletewa zana za kufundishia bure. Nikawafumbisha watoto macho, nikawaambia wasikilize tu, kisha waandike walichosikia. Wakaandika kreti za soda zinavyoburutwa, mashuka yanavyokung'utwa, na mpishi anayemgombeza mtu asiyejibu. Mwalimu Mkuu wa pale, mama mmoja wa kutoka Bara, msafi, mkali, mwenye miwani ya mnyororo, aliniita ofisini akiwa ameshika daftari kwa ncha za vidole.

"Mwalimu, mimi nilidhani unafundisha insha. Kumbe unafundisha umbea?"

"Mama, umbea ni kusema usichokiona wala kukisikia. Mimi nawafundisha kusema walichokiona na kukisikia."

Akanitazama juu ya miwani. "Toka," akasema. Lakini nilipofika mlangoni nikamsikia akicheka peke yake, na hakunizuia tena.

Nikafanya kazi pale miaka mingi. Kituo changu cha mwisho kikawa huku huku Temeke, shule moja kubwa ambayo sitaitaja, na hapo ndipo penye lile hasa nililotaka kuwasimulieni.

Mwalimu Mkuu wa shule ile alikuwa kijana kwangu, mchapakazi, mwenye kuheshimu ratiba kuliko kengele yenyewe. Alinipa Darasa la Saba, na mimi nililipenda darasa lile kupita kiasi. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na nilitaka niondokee mlango huo. Basi mahafali yalipokaribia, nikamwomba jambo moja: risala ya wahitimu, ile inayosomwa mbele ya mgeni rasmi, waiandike watoto wenyewe.

Kila mtu aliyesoma nchi hii anaijua risala. Mtoto anaisoma, lakini mwalimu ndiye anayeiandika, na kwa kweli haiandiki hata mwalimu, inajiandika yenyewe. Inaanza na "Ndugu mgeni rasmi, awali ya yote", inakuja "pamoja na mafanikio hayo, shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo", inataja upungufu wa madawati na matundu ya vyoo, halafu mgeni rasmi anasimama na kusema amezipokea na atazifanyia kazi. Watu wanapiga makofi. Mwaka unaofuata madawati ni yale yale na makofi ni yale yale.

Mwalimu Mkuu akasita. "Sawa, Bi Mkubwa, jaribu. Lakini nitaisoma kwanza. Na ukiniaibisha mbele ya wageni, Darasa la Saba hulioni tena. Utamalizia na wadogo wa awali."

Nikakubali.

Tukaanza kazi kwa kutembea. Nikawagawa makundi, wazunguke shule wakiwa kimya, na kila kundi liandike lilichokiona tu, bila neno "changamoto". Wakarudi, wakasimuliana wawili wawili, wakaandika rasimu. Kisha nikawapa mikasi. Wakakata sentensi zao moja moja, wakazitandaza sakafuni juu ya karatasi za manila, wakawa wanazihamisha: hii ije mbele, hii irudi nyuma, hii ni ndugu ya ile. Ninawaambia kweli, hakuna zoezi linalomfundisha mtoto mpangilio wa aya kama kuishika sentensi yake mkononi na kuitafutia mahali pa kukaa.

Ugomvi ukazuka juu ya sentensi za Mwanahawa, binti mrefu mwembamba ambaye watoto wenzake ndio waliomchagua awe msomaji.

"Mwalimu, hiyo ya choo itolewe," alisema mvulana mmoja. "Ni aibu bwana, wageni watatuonaje?"

Mwanahawa akamgeukia. "Aibu kuisema, au aibu kujibana? Nyie mna ukuta wa nyuma. Sie tuna nini?"

Sentensi zikabaki.

Nikampelekea Mwalimu Mkuu risala yao. Akasoma, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna nyingine.

"Bi Mkubwa, hii siyo risala. 'Awali ya yote' iko wapi? 'Pamoja na mafanikio hayo' iko wapi? Na haya mambo ya chooni, mbele ya wazazi?"

"Mwalimu Mkuu, kila mwaka tunasema matundu ya vyoo."

"Matundu ya vyoo ni lugha ya kiofisi. Hii ni... hii ni kama naiona."

"Ndiyo maana yake," nikasema. Akaitia karatasi kwenye droo.

Asubuhi ya mahafali, turubai limeshafungwa na spika zinakoroma, nikamkuta Mwanahawa kasimama nje ya ofisi na karatasi iliyochapwa kwa kompyuta. Mwalimu Mkuu alikuwa amempa risala yake mwenyewe. Macho ya yule mtoto yalikuwa yamejaa machozi.

"Mwalimu, nisome ipi?"

Nilisikia hasira zikinipanda mpaka masikioni. Ningeweza kumwambia asome yao. Lakini mtoto hatumwi kwenye vita vya wakubwa. "Soma uliyopewa na mkubwa wako wa shule," nikamwambia. "Soma kwa sauti, simama wima." Nikaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, nikawaza kwamba kazi yote niliyoifanya tangu Mtoni inaishia hapa, kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kitenge kizito, pete nene. Mwanahawa akaanza. Awali ya yote ikapita. Meza kuu wakaanza kufungua maji ya chupa. Mafanikio yakapita, mgeni rasmi akatazama simu. Zikaja changamoto, madawati, matundu ya vyoo, na wazazi nyuma wakawa wanaulizana pilau litatoka saa ngapi. Ndipo Mwanahawa akasoma, kwa sauti ile ile safi: "Hivyo basi, Mheshimiwa Diwani wetu, tunakuomba utufikishie kilio hiki kwenye baraza la madiwani, kama ulivyotuahidi mwaka jana."

Mwaka jana mgeni rasmi alikuwa diwani. Risala ilikuwa ile ile, imebadilishwa tarehe tu.

Turubai zima likaangua kicheko. Mwalimu Mkuu alitoa kitambaa akajifuta shingo. Mimi sikucheka, maana nilimwona mtoto pale mbele amesimama na kipaza sauti mkononi, na aibu isiyo yake imemwangukia yeye.

Mgeni rasmi naye hakucheka. Aliweka simu mezani. "Mwanangu, mie siyo diwani. Mie nauza saruji. Hayo umeyaandika mwenyewe?"

"Hapana, mama."

"Nyie hamna yenu ya kusema?"

Mwanahawa akamtazama Mwalimu Mkuu. Na yule kijana, hili nitamsifia mpaka naingia kaburini, alitikisa kichwa kukubali.

"Tunayo, mama. Ipo kichwani."

Akaikunja ile karatasi, akasema:

"Sisi wasichana wa shule hii hatunywi maji asubuhi. Kiu tunayo. Lakini ukinywa itabidi uende chooni, na foleni ya choo inaanza kengele ya mapumziko ikilia. Kengele ya kurudi darasani ikilia, wa nyuma bado yuko nyuma. Anarudi kukaa hivyo hivyo. Mwalimu anauliza swali la hesabu na wewe jibu unalijua, lakini husimami kujibu, kwa sababu ukisimama itakuwa balaa. Mama anayetupikia uji tunampenda. Tunamjua kwa kikohozi chake kabla hatujamwona. Huwa anatuuliza kwa nini tunaacha uji wake. Mama, uji wako ni mtamu. Leo tumekujibu."

Yule mama wa uji alikuwa amesimama kando ya masufuria. Akajifunika uso kwa kanga.

Maisha yangu yote nilipinga kukariri, na pale mbele yangu mtoto alikuwa anasema neno kwa neno bila karatasi. Lakini mtu hakariri kilicho chake. Walikuwa wamezishika sentensi zile kwa mikono yao, wakazikata, wakazigombania sakafuni. Zingewatokaje?

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni rasmi akainuka. "Nipelekeni," akasema. Akatembea na viatu vyake vya kisigino kwenye mchanga hadi nyuma ya madarasa, akaangalia, akarudi. Alipopewa kipaza sauti hakusema kwamba amezipokea changamoto. Alisema, "Saruji na mchanga ninavyo. Mafundi mtafutane nyie wazazi, nawajua, wengine ni wateja wangu. Hotuba sina." Akaketi. Hapo ndipo makofi yakaja, na mama wa uji akapiga kigelegele kilichovuka ukuta wa shule.

Jioni, viti vinapangwa, Mwalimu Mkuu akanifuata.

"Bi Mkubwa, mwakani risala iandike wewe."

"Mwakani wataandika wao," nikamwambia.

Akacheka, na Darasa la Saba nikabaki nalo mpaka mwisho.

Sasa nimestaafu. Siku ya kuniaga nilipewa vitenge, feni, na risala. Ilianza hivi: "Mwalimu wetu ana hasira za karibu na kikapu cha mbali." Kikapu cha mbali maana yake nini hata wao hawakuweza kunieleza, nikawaambia waiache hivyo hivyo, ni rasimu. Nililia, sifichi. Watu huniuliza ualimu umenipa nini, nyumba yangu ikiwa ndogo na magoti yamechoka. Mimi hujibu kwa majivuno bila kuona haya: nimewafundisha watoto wa Dar es Salaam kusema walichokiona, mbele ya yeyote.

Asubuhi ya siku hiyo ya kuniaga nilikuwa nimewahi shuleni kuliko wote, nikakaa kwenye ngazi ya darasa langu. Akaingia binti mmoja wa Darasa la Saba, begi mgongoni. Akanipa shikamoo, nikaitikia. Akaenda bombani, akafungua, akakinga viganja, akanywa. Akakinga tena, akanywa tena, hana haraka yoyote. Kisha akajifuta mdomo kwa kola ya shati, akaingia darasani.