Herufi za Kijani na Daktari wa Meno

Maniema ilipofanywa jimbo, sisi wa Kindu tulianza kuletewa vitu vya kutufananisha na makao makuu. Zilikuja bendera mpya, likaja gari lenye vioo vyeusi, na mwisho kikaja kitu kilichonihusu mimi: ordinatere, yaani kompyuta. Nilikuwa dakitilo, mpiga chapa, katika biro, yaani ofisi, moja ya serikali ya jimbo. Kila asubuhi nilivuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli, viatu vya kisigino mkononi visije vikalowa, na kila asubuhi wapiga kasia walinitania kwamba naenda kuolewa na serikali.

Mkurugenzi wetu alikipokea chombo kile kama mtu anayepokea wakwe. Aliamuru chumba kipakwe chokaa, dirisha litiwe pazia, na kila anayeingia avue viatu mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa na tumbo lililojaa vizuri ndani ya abakosti, ile suti isiyo na tai ambayo Chama kiliwavika wanaume wa nchi nzima, na kuinama ili kufungua kamba kulimtesa. Haikupita wiki, sheria ya viatu ikabaki kwa sisi wengine.

Fundi wa kutufundisha aliletwa kutoka Kisangani. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyezungumza na mashine zaidi kuliko alivyozungumza na watu. Alikuja kwa siku chache tu, lakini ndege ya kumrudisha haikutokea, akabaki kwetu msimu mzima. Aliingiza disiketi, kioo kikawaka cheusi, na juu yake zikatokea herufi za kijani. Kabla ya jambo lolote, mashine ilituonyesha maneno ya Kifaransa: programu hii imeandikishwa kwa jina la daktari fulani, mpasuaji wa meno, mtaa fulani, katika mji mmoja wa Ubelgiji. Chini yake: kunakili ni marufuku kwa mujibu wa sheria.

“Huyu munganga ya meno ni nani?” nilimuuliza fundi.

“Njo mwenyewe wa programu,” alisema, yaani ndiye mwenye mali.

“Na sisi?”

“Mama, weye andika tu barua.”

Basi nikaandika barua. Ikawa kila asubuhi nikiwasha mashine, kabla ya mkurugenzi hajafika, kabla ya mtu yeyote hajanisalimu, yule daktari wa meno ananitokea kwanza. Nilimzoea. Siku nyingine nilimwambia kimoyomoyo, “Habari ya asubuhi, munganga.” Biro yetu ilikuwa imejaa picha za Kiongozi na maneno makubwa ya kurudi kwenye asili yetu, na katikati yake ameketi Mbelgiji mwenye kung'oa meno. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Mkurugenzi alidhani ni jina la kiwanda.

Sasa, ndugu wa mama yangu, mjomba, alikuwa na duka karibu na soko: vitenge, sabuni, chumvi, betri. Alikuwa mtu wa kanzu na kofia, wa zile familia zinazosema babu zao walifika na misafara ya pwani, na hakuna kitu kilichomuuma kama kuona serikali ina kitu ambacho yeye hana. Alisafiri hadi Bujumbura, akarudi na ordinatere yake mwenyewe, imeviringishwa ndani ya godoro. Herufi zake zilikuwa rangi ya chungwa, na programu yake ilikuwa nyingine kabisa.

Hapo balaa likaanza. Mji mzima ulikuwa na mashine mbili, na hizo mbili hazikuelewana. Mjomba alinipa disiketi yenye barua yake ya kuomba kibali. Nilipoifungua kazini zilitoka nyota, mikia na alama za kuuliza. Nilipompelekea jibu, yeye naye akaona nyota na mikia. Mwishowe tulipeana kibali kwa mdomo, kwenye baraza ya duka, kahawa mkononi.

Baraza hiyo ndiyo iliyougawa mji. Watu ambao hawajawahi kugusa ordinatere wakawa na msimamo. Kulikuwa na watu wa Kijani na watu wa Chungwa, na walibishana kama washabiki wa mpira.

“Ya kijani iko na nguvu,” alisema mchinjaji, aliyekuwa kiongozi wa Kijani. “Serikali haiwezi kununua kitu zaifu.”

“Serikali njo inanunua vitu zaifu peke yake,” alijibu mwalimu mmoja, kisha akageuka kutazama nani yuko nyuma yake.

Mchimba dhahabu aliyetoka Kampene kuuza mali yake aliwasikiliza kwa muda mrefu, akauliza ni ipi kati ya hizo mbili inayopima dhahabu bila kuiba. Walipomwambia hakuna, alimaliza kahawa yake akaenda zake. Nafikiri yeye peke yake ndiye aliyeondoka pale na faida.

Siku hiyohiyo mjomba, kwa ule moto wa mabishano, alisema neno. Mimi nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu. Alisema: “Haifai programu moja itawale muji muzima. Kila mutu achague yenye anapenda.” Alikuwa anazungumzia ordinatere. Lakini aliyelibeba neno lile hadi ofisi ya Chama aliliangusha neno ordinatere njiani.

Kesho yake walimwita. Mke wa mjomba alinitumia habari nikiwa kazini, na vidole vyangu vikaanza kukosea herufi. Leo naweza kucheka, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Tulijua watu walioitwa kwenye ofisi ile wakarudi wamekonda, na tulijua wengine ambao majina yao hatukuyataja tena mezani. Mjomba aliketi kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri, akiwa na kofia mapajani. Katibu wa Chama alipomwita ndani hatimaye, alimuuliza jambo moja tu, akianza na sitwayeni, yaani raia, kama Chama kilivyotuamuru kuitana:

“Sitwayeni, hiyo programu ya pili yako inasema nini juu ya Kiongozi?”

“Haisemi kitu, sitwayeni katibu. Inaandika bei ya chumvi.”

Katibu hakuridhika, lakini pia hakuwa na hakika. Hakuwahi kuiona mashine yenyewe. Akaamua kuitisha mkutano wa kuelimisha umma, Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani mjini ambayo sote tuliifanya kwa mapanga na nyuso za furaha.

Jumamosi ikafika. Waliwasha gurupu, jenereta ya biro, kwa mafuta yaliyokuwa yametengwa kwa ajili ya hospitali. Wakubwa waliingia chumbani na viatu vyao; umma ulisimama nje ya dirisha na mapanga yao. Mimi niliwekwa mbele ya mashine. Mjomba alisimama ukutani kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mkurugenzi alihutubu kwanza. Nchi moja, alisema, Chama kimoja, programu moja! Tukapiga makofi, maana tulijua makofi yanakaa wapi katika kila hotuba. Akaonyesha kioo: hata herufi ni za kijani, rangi ya bendera yetu. Je, chungwa ni rangi ya bendera ya nani?

Fundi aliinua mkono. “Sitwayeni mkurugenzi, samahani. Rangi ni ya kioo, si ya programu. Ukibadilisha kioo—”

“Hakuna mutu amekuuliza habari ya kioo,” alisema katibu.

Fundi akashusha mkono. Mjomba naye akapewa nafasi ya kujirekebisha. Aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya dukani, ile anayotumia na wateja wagumu:

“Sitwayeni katibu, mimi nimekubali. Chungwa naacha. Munipe tu kopi ya kijani, nianze leo.”

Watu wa dirishani wakaguna kwa kuridhika. Lakini mkurugenzi alikaza uso. Programu ile ndiyo ilikuwa utukufu wake. Akiigawa dukani, yeye atabaki na nini? Akaweka kidole juu ya kioo. “Soma mwenyewe. Kunakili ni marufuku. Njo sheria.”

“Sasa,” mjomba akauliza polepole, “mimi niko na lazima ya kutumia kitu ambacho nimekatazwa kukipata?”

“Umeelewa vizuri,” alisema katibu.

Ingekuwa mwisho wa mkutano, kama katibu hangekuwa mtu wa kupenda sheria. Alitaka kujua ni nani aliyeweka katazo hilo ndani ya jimbo bila Chama kupewa taarifa. Aliinamia kioo, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi jina la mtaa.

“Na huyu munganga ya meno?”

Mkurugenzi alinitazama mimi, mimi nikatazama vidole vyangu, fundi akatazama dari.

“Huyu,” alisema mkurugenzi, “njo mushauri wetu wa kiufundi.”

“Wa Ulaya?”

“Wa Ulaya. Ni rafiki mukubwa wa Mapinduzi.”

Katibu alivua miwani. Alisema hii ndiyo sura ya kweli ya ushirikiano, kwamba hata waganga wa meno wa ng'ambo wanaitambua kazi ya Kiongozi wetu, na akaomba makofi kwa ajili ya mshauri. Tukapiga. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Nilikuwa nimefanya naye kazi muda mrefu. Kisha likapita azimio: mshauri aandikiwe barua ya shukrani kwa niaba ya wananchi wote wa Maniema. Niliichapa Jumatatu. Ilianza na salamu za Kiongozi, ikapita kwenye utajiri wa jimbo letu, na haikutaja meno popote. Sista mmoja wa misheni, Mbelgiji aliyekuwa anakwenda likizo kwao, alikubali kuipeleka.

Mjomba alirudi nyumbani salama, lakini na amri mkononi: awe kijani kabla ya mwezi kwisha. Fundi, ambaye bado alikuwa anasubiri ndege, alimwonea huruma. Alimletea karatasi ya plastiki ya kijani, ya kufunikia majalada, wakaibandika juu ya kioo. Chungwa likipita ndani ya kijani, herufi zilitoka rangi ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyotiwa mawese mengi. Wajumbe wa Chama walikuja kukagua, wakasogea, wakarudi nyuma, wakainamisha vichwa. Wakaandika kwamba ni kijani. Mjomba aliwapa kila mmoja kipande cha sabuni, na programu ya pili ikaendelea kuandika bei ya chumvi ndani ya vazi lake jipya.

Mkurugenzi naye, baada ya kuona jinsi programu yake ilivyotafutwa, alilegea. Rafiki zake wa Kibombo walileta mchele, na mimi nikaambiwa niwatolee nakala. Nilimkumbusha katazo lililo kwenye kioo, kwa adabu tu, maana nilitaka kujua atasemaje.

“Sitwayeni dakitilo,” alisema, “kunakili ni marufuku kwa watu. Serikali si watu.”

Nikanakili. Hao wa Kibombo hawakuwa na ordinatere hata moja, lakini walizifungia disiketi zao kwenye kabati pamoja na vyeti vya ndoa, wakawaonyesha wageni.

Sista alirudi mvua zilipoanza. Alikuja biro akiwa na mwanamume wa kumbebea katoni, akaketi, akakunja mikono. Mkurugenzi alijiweka sawa kwenye kiti.

“Mushauri wetu anasemaje?”

“Alicheka,” alisema sista. “Alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akasoma tena barua yenu, akacheka tena. Yeye hata hiyo programu hakuinunua.”

“Haikununuliwa?”

“Shemeji yake ndiye aliyempa zile disiketi. Mashine ilimuuliza jina, akaandika lake. Baadaye akampa rafiki yake mmoja nakala, na huyo rafiki akampa mwingine. Mpaka zikafika kwenu! Hajui zilipita njia gani. Lakini anawashukuru sana kwa barua, na amewatumia zawadi hii.”

Katoni ilikuwa imejaa miswaki ya plastiki. Fundi alikuwa pembeni na nilimwona akijiuma mdomo. Mimi nilijifanya natafuta karatasi chini ya meza. Uso wa mkurugenzi ulikuwa ule wa mtu anayepiga hesabu ya kuvuka mto uliojaa.

“Sista,” alisema mwishowe, “huyu shemeji yake anafanya kazi wapi?”

“Nafikiri kwenye wizara moja, kule kwao.”

Mkurugenzi alishusha pumzi, akaegemea kiti.

“Basi,” alisema, “ilitoka serikalini.”

Miswaki iligawiwa na Chama, kwa hotuba, mbele ya biro. Nilipewa wangu na mwingine wa ziada kwa sababu ya utumishi wangu. Nilivuka nayo Lualaba jioni ile, na katikati ya maji kicheko kilichokuwa kimenibana tangu asubuhi kikanitoka chote, hata mpiga kasia akaniuliza kama serikali imenipa talaka. Mama yangu, aliyesugua meno kwa kijiti maisha yake yote, aliugeuzageuza ule mswaki wa ziada, mwekundu, kwenye mwanga wa mlango. Aliniuliza umetoka kwa nani, nikamweleza kisa chote, hadi shemeji. Kisha aliuchovya kwenye mafuta, akafungua kifuniko cha cherehani yake, akaanza kusafisha vumbi la nyuzi kwenye meno ya chuma yaliyo chini ya sindano, yale yanayosukuma kitambaa, taratibu, jino kwa jino.